Treni Yako Iliyokuwa na Usukani

Neema, binti yangu,

Mama yako ananiambia kwamba kila ninapopiga simu wewe umekwenda kuchota maji. Hakuna nyumba Luberizi inayotumia maji mengi hivyo. Basi naandika. Niliacha shule darasa la nne na vidole vyangu vimepasuka kwa mawe, utauvumilia mwandiko.

Bado niko Bukavu, huku Nguba, kwenye ukuta ule ule. Tunapandisha mawe kutoka ziwani ili nyumba ya patron anayetulipa isiteleze ikaingia majini.

Nataka kusema habari ya treni yako. Najua hutaki kuisikia.

Uliitengeneza kwa makopo ya sardini. Kichwa kilikuwa kopo la maziwa, na magurudumu uliyakata kwenye kandambili za mama yako ambazo zilikuwa bado nzima, akakuchapa. Hakuna behewa lililofanana na jingine. La mbuzi lilikuwa na dirisha refu, ukasema mbuzi anapenda kujua anapelekwa wapi. Kulikuwa na la mchele, na la jiko lenye sufuria ya kifuniko cha chupa. Nyuma kabisa ulimning'iniza konvoyeri wa majani makavu ya mgomba, mkono nje, anaita abiria. Moja ulilipaka udongo mwekundu. Hilo lilikuwa la koko, mama yangu, aliyekuwa amekufa msimu ule. Ulisema miguu yake ilimnyima soko muda mrefu, sasa atakaa. Na mbele, juu ya kopo la maziwa, ulifunga usukani wa waya.

Uliikokota uani, watu wazima wakakupisha.

"Mutoto, iko inaenda wapi?" jirani yetu alikuuliza.

"Uvira."

"Mimi na mbuzi zangu tano, tunapanda?"

"Mbuzi zitapanda. Weye utatembea."

Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa sikia lililonipata Nguba. Wiki moja kabla ya Pasaka patron aliniita ndani nisogeze kabati. Mezani, ndani ya kioo, kulikuwa na treni. Ndogo, nyeusi, imetimia. Boliti zote zilihesabika. Patron alisoma Ulaya, treni ya namna ile aliipanda, kwa hiyo alitaka ifanane nayo hadi kutu ya chini. Alikuwa na wageni. Akaniuliza, "Papa, unajua hii ni nini?"

Nikajibu kwa kiburi, kwa sababu treni nilikuwa naijua kwako. "Ndiyo, patron. Ni treni. Lakini volan yake ilivunjika?" Nilikuwa nautafuta usukani.

Nyumba ikalipuka kwa kicheko, patron akamwita mkewe. "Maman, kuya usikie! Anatafuta volan ya treni! Papa, utaigeuza uende nayo wapi, mu majani?" Mgeni mmoja alifuta machozi. Nikasogeza kabati. Kesho yake wenzangu kwenye mawe walikuwa wameshapata habari, na tangu siku hiyo nikaitwa Papa Volan. Hata aliyekuwa akinipa jiwe alisema, "Papa Volan, kata kona."

Nilikuja nyumbani Pasaka na kicheko kile tumboni. Ulinikimbilia na treni. Ulikuwa umekwisha kuiongezea behewa, la wagonjwa wanaokwenda hospitali.

Uani kulijaa watu. Nilikuuliza kwa sauti kubwa, wasikie: "Nani alikuambiaka treni iko na volan? Weye iko mujinga?" Nikachukua koleo langu la kufungia nyaya, nikang'oa usukani. Sikutosheka. Nikang'oa konvoyeri. Nikabana dirisha la mbuzi. Nikasema mabehewa ya kweli yanafanana yote, na la koko nikalikanyaga, kwa sababu treni ya kweli haibebi wafu.

Ukaniuliza, "Papa, sasa koko atakaa wapi?"

Nikakujibu, "Mu kaburi. Pale iko."

Watu walicheka. Mimi niliwaongoza. Na jina lile nililopewa Nguba nikakutwisha wewe, mbele ya watoto unaosoma nao. Volan. Nilipanda lori kurudi Bukavu nikiwa mwepesi.

Treni ya patron naiona kila siku dirishani nikipita na jiwe begani. Haina kosa. Mtoto wake haiangalii, mpishi anaifuta vumbi kama anavyofuta friji. Nimeitazama miezi mingi na sijatamani hata mara moja kuipanda. Yako niliitamani, mimi mtu mzima. Nilikuwa nimeshajichagulia kiti karibu na jiko.

Kuna jambo watu wa uani hawalijui. Wewe unalijua. Ulikuwa na miaka sita, tunageuza mchele kwenye mikeka, ukaniuliza treni inageukaka namna gani. Mimi treni sijaiona maisha yangu yote. Niliona haya kusema sijui. Nikakuambia inageuzwa kwa usukani kama lori: "Na volan, sawa kamiyo." Ni mimi niliyekudanganya. Ulinishika neno miaka mitano, ukalifunga kwa waya mbele ya kopo la maziwa.

Siku ya Pasaka nilipouliza nani alikuambia, ulinitazama. Ulikumbuka, na niliona kwamba umekumbuka. Ungesema neno moja tu kicheko chote kingenigeukia. Ukafunga mdomo. Mimi nikakuona umenifichia aibu, na nikaendelea kukanyaga.

Mama yako anasema wanakuita Volan njiani, kwenye bomba, hadi kanisani, na kwamba uliacha shule bila kufanya mtihani.

Barua hii nimempa dereva wa lori la mchele. Nimemwomba mama yako asiisomee ndani. Aisomee uani, watu wakiwa wanaanika mchele, walewale waliocheka, na watoto wao wakae mbele. Akifika pale niliposema nilikudanganya, arudie mara mbili. Watanicheka. Niko mbali, sitasikia, na hiyo ni nafuu ambayo wewe sikukupa.

Shule inafunguliwa karibuni. Ukirudi, rudi kwa ajili yako, mimi usinitie humo. Na nikija Noeli ukakataa kunisalimu, sitamuuliza mtu sababu.

Ni mimi,
baba yako