Picha Zote za Harusi Ninazo, Mume Hayumo Hata Moja

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba msaada, na kwanza nikwambie kabisa kwamba simlalamikii mume, maana barua nyingi ninazosoma kwako ni za wake wanaolizwa, lakini mimi wangu ni asali, tumeoana juzijuzi tu na mpaka leo akienda dukani kununua chumvi ananiaga kama anayevuka bahari, nami nasimama dirishani hadi arudi, majirani wanatucheka na sisi tunawacheka wao.

Mume wangu ni mpiga picha, na picha yake ya fundi viatu akicheka na sindano mdomoni imechaguliwa kwenye maonyesho makubwa ng'ambo, na wenyeji wakamwandikia, "Njoo na mkeo, tiketi na malazi juu yetu," mshauri, nilipiga vigelegele mpaka mama mkwe akatoka bafuni na povu kichwani kuuliza nani kaolewa tena! Tukaomba viza pamoja, yake ikatoka mapema, mimi kila asubuhi nikifungua simu naambiwa ombi linashughulikiwa, linashughulikiwa, mpaka juzi ubalozi ukaniandikia kwamba kwa kuwa ndoa ni changa, cheti peke yake hakitoshi, nipeleke picha zinazotuonyesha sisi wawili siku ya harusi.

Nikacheka, nikasema hilo tu? Nimeolewa na mpiga picha! Tukakaa kitandani na kompyuta tukazipitia zote, mimi nashuka kwenye gari, mimi nacheza na shangazi, mimi nalia, mimi nacheka, zimependeza hadi nikajionea wivu mwenyewe, ila bwana harusi hayumo hata moja, kwa sababu ndiye aliyekuwa anapiga! Kwenye ile ya keki vinaonekana vidole vyake tu. Wenzake walijitolea kumpigia akakataa, eti "Hakuna atakayemwona mke wangu kama ninavyomwona mimi," na mimi nikayeyuka palepale. Wageni nao walikatazwa simu, mama mkwe akasimama mlangoni akitangaza, "Nikiona simu ya mtu nje ya mfuko, chakula atakila kwa macho!"

Sasa shangazi yangu, fundi cherehani, anasema, "Mwanangu, gauni si lipo? Ukumbi si upo? Mvae, mpigwe upya, nani atajua?" na ameshaukodi ukumbi kwa Jumamosi, na ndege yetu ni wiki inayofuata. Mume wangu hataki uongo, anasema, "Bila wewe siendi, nawaandikia nabaki." Nifuate la shangazi, au nimtazame mpenzi wangu akiitupa bahati yake kwa ajili yangu?

Ni mimi, bibi harusi ninayependwa na kuchanganyikiwa.

JIBU LA MSHAURI

Bibi harusi, hongera, pole, na shika adabu.

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili kwa raha tu. Lakini ngoja kwanza nikugombeze. Una ndoa ya kweli, halafu unataka kuithibitisha kwa harusi ya bandia? Ukigunduliwa, hata ukweli wako hautaaminika tena. Shangazi anakupenda, mshukuru, kisha mwambie aifute hiyo Jumamosi leo hii.

Na huyo bwana, najua anasoma begani kwako. Baba, kinyozi hajinyoi, na mpiga picha hajipigii harusi yake. Umesikia?

Sasa tatizo lenu. Mwanangu, ukumbi mzima wa watu wenye simu mifukoni, na bibi harusi amependeza hivyo, wote wakatii? Sijaiona harusi hiyo. Picha zipo, ila wenye nazo wanawaogopa. Mumeo aingie kwenye kundi la harusi la simu leo, atangaze msamaha: aliyepiga kwa kuiba azilete, hatalaumiwa. Zikija, msichague nzuri. Pelekeni zilizotetemeka na zenye visogo vya wajomba. Ambatanisheni maelezo mafupi ya kweli kwamba mume ndiye mpiga picha, pamoja na mwaliko na tarehe ya safari, muombe kwa heshima ombi liharakishwe. Afisa wa viza naye ni binadamu, mpeni sababu ya kutabasamu.

Na ikichelewa, mume aende. Asikatae riziki kwa jina lako. Wewe mfungie sanduku, umbusu, umsubiri dirishani kama kawaida yako.

(Kwa sababu ya haraka yake, jibu hili nilimtumia kwa simu kabla ya kulichapa. Alichonirudishia ndicho hiki.)

Mshauriii! Imetoka! Viza imetoka!

Mume wangu alipotangaza msamaha, wa kwanza kujitokeza, hutaamini, ni mama mkwe, mlinda mlango mwenyewe! Alipiga akiwa amejificha nyuma ya nguzo. "Sheria niliwawekea wageni," anasema, "mimi ni mzazi." Baada ya hapo ikawa mvua, wajomba, mpishi, hata aliyetufungisha ndoa, na huyo sijui alipiga saa ngapi!

Ile ya mama mkwe imepinda, nusu yake nguzo, lakini mume wangu ameishusha kamera kidogo, ananitazama mdomo wazi kama mtu aliyesahau jina lake. Mshauri, siku ile mimi niliona lenzi tu. Nililia. Naye akabaki anaikodolea macho, "Kumbe ndivyo ninavyokuangalia?" Mama yake akamwambia, "Ndivyo, na funga mdomo, nzi wataingia." Hiyo ndiyo tuliyoiweka juu kabisa, na ubalozi ukajibu upesi.

Nakuandikia kutoka uwanja wa ndege. Sasa hivi amemkabidhi abiria asiyemjua kamera yake, kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto mchanga, akaja kusimama kando yangu. Ananung'unika kwamba yule bwana ametukata miguu. Namwambia nyamaza mpenzi, vichwa vyote viwili vipo.