Zawadi ya Dume la Senene

Ijumaa, Al Sadd, Doha

Maneno ya Bi Zuhura bado yananichoma, ingawa aliyasema kwa utani.

Mchana huu, katika mkutano wa watu wa Kagera waishio Doha, tulifungua kopo la senene, wale panzi wa kuliwa, alilonitumia mke wangu Koku kutoka Bukoba. Nikiwa mwenyekiti nilisimama, nikawasalimu wazee, akina mama, kisha vijana, nikawaeleza somo nililowahi kulifundisha darasani: dume la senene, wakati wa kujamiiana, humpa jike bonge la chakula lililotengenezwa mwilini mwake. Jike hulila, na chakula hicho hustawisha mayai yake. Dume hubaki amekonda.

"Kama sisi," nikasema, na wenzetu walio walinzi wa maghorofa ya West Bay wakapiga makofi.

"Samahani, Mwalimu," akasema Bi Zuhura. "Huyo dume humpa mwenyewe, ana kwa ana. Gauni la mkeo hupelekwa na nani?"

Wakacheka. Nami nikacheka.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, Koku aliniletea senene kwenye jani la mgomba, nami, kama ilivyo desturi ya kwetu kila msimu wa senene, nikamnunulia gauni. Alizunguka uani mara mbili ili nilione vizuri. Magauni sita yaliyofuata yamepelekwa na wasafiri. Sijui hata kama yalimkaa.

Kabla hatujatawanyika nilisimama tena. Niliwaomba wachague mwenyekiti mwingine Ijumaa ijayo, kwa kuwa msimu wa senene utakapoanza, nitakuwa nyumbani.