Mlango wa Nyuma wa Sanduku

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa kupanga maadhimisho ya kampuni. Miaka yote hii inauza gari lile lile — lile lile kwa jina tu. Meneja anataka matoleo yote matano yapangwe mstari mmoja ukumbini, kwa majina ya mtaani: Sanduku, Macho Manne, Yai, Domo, na hili jipya lisilo na hata tundu la ufunguo. Nikafungua mdomo: tuyapake yote rangi ya fedha, watu waone umbo tu linavyobadilika. Makofi! Meneja kasema mimi ndiye kichwa cha ofisi. Nimerudi nyumbani natembea kwa madaha.

Tatizo ni Sanduku, toleo la kwanza. Ya aina hiyo yote yameshakuwa chuma chakavu, isipokuwa la Mjomba.

Alhamisi, 6 Machi

Kwa Mjomba. Nimemkuta analifuta, mlango wa nyuma wa kushoto kauacha mwisho kama kawaida yake. Mlango huo mkewe aliukwaruza kwenye nguzo ya geti, na kwa aibu akaupaka mwenyewe, kwa brashi, rangi iliyobaki ya geti. Kijani! Gari lenyewe jeupe. Nywele za brashi zimegandia humo mpaka leo. Marehemu alikuwa akisema asiyeupenda apandie mlango mwingine. Mimi nilipandia huo huo, kila asubuhi, na begi la shule.

Nilimwonyesha picha za matoleo mapya. Zamani gari lilikuwa na uso, kasema, siku hizi lina hasira. Nilipoomba kuliazima hakuuliza malipo wala muda. Kaomba moja: lirudi kama lilivyo. Nikamwambia hata vumbi lake utalikuta, Mjomba. Ulimi hauna mfupa.

Habari ya rangi sikuitaja. Nitaongea na fundi, Sanduku waliache.

Jumatano, 12 Machi

Sikuongea na fundi. Leo kesho, leo kesho, mpaka kapiga simu mwenyewe — fundi rangi, tunamwita Kinyonga. Mimi niko na Meneja na wageni kutoka makao makuu. Kinyonga anauliza: mlango huu una rangi ya geti, nzito, aukwangue au auache? Meneja ananitazama. Sijui niliogopa nini. Kwamba nitaonekana nalikimbia wazo langu mwenyewe?

Nikasema: kwangua.

Kisha nikaendelea kuwamiminia wageni chai.

Ijumaa, 14 Machi

Karakana. Yapo matano, yote ya fedha, yamejipanga. Ukianza na Sanduku ukaenda mpaka la mwisho, unaona gari linavyonenepa, taa zinavyofinya macho, vioo vinavyopungua. Wazo zuri kweli. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba limependeza.

Nilimwomba Kinyonga arudishe kijani, kwa brashi. Hakunicheka. Kasema rangi ya geti inatafutika, brashi anayo, ila mkono wa yule mama yeye hana. Nilitazama mpaka kwenye pipa la taka. Sijui nilitegemea kukuta nini. Nimelia ndani ya Sanduku, kiti cha nyuma, kama mtoto aliyechelewa kufuatwa shule.

Jumapili, 16 Machi

Mjomba kapiga simu. Anauliza gari lake linakula vizuri huko? Meneja kamwalika awe mgeni wa heshima, na koti keshaliazima kwa jirani. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia, wallahi. Nikasema, Mjomba sikusikii, mtandao mbovu. Nilikuwa namsikia mpaka anavyopumua. Kasema haya basi mama, tutaonana siku hiyo, akakata polepole.

Mimi ni mtu wa namna gani?

Jumamosi, 22 Machi

Naandika hapa stoo, mlango nimeurudishia. Sherehe inaendelea.

Mjomba kafika mapema, koti limempwaya. Tumeupita mstari tumeshikana mikono, kuanzia jipya kurudi nyuma. Jipya kauliza linafunguliwaje, nikamwonyesha, akatikisa kichwa. Domo kalicheka. Yai kasema ndilo alilofundishia mtoto wa jirani kuendesha. Tukafika kwenye Sanduku. Namba zimetolewa, pana kibao cha mwaka tu.

Akasimama. Akalizunguka.

"Hili mmelipata wapi? Ndivyo langu lilivyokuwa siku ile tulipokuja kulichukua, mimi na marehemu."

Akaupapasa mlango wa nyuma. Mkono ukateleza. Akasema mwenye gari hili ana bahati, amelitunza. Halafu akaanza kutazama huku na huku ukumbini.

"Na langu mmeliweka wapi?"

Nikainama, nikakinyoosha kibao. Akanisogelea, akanong'ona — ananionea huruma mimi!

"Mmelificha kwa ajili ya ule mlango, eh? Usione haya, mwanangu. Hata mimi ningelificha. Nimekuja na kitambaa changu, nitalifuta huko huko lilipo."

Nikasema nafuata ufunguo. Ufunguo ninao hapa mfukoni.

Namwona kwenye upenyo. Kakalishwa kiti cha mbele, kitambaa kakikunja juu ya goti, kila mlango ukifunguka anageuza shingo. Meneja kashika kipaza sauti. Anasema, mwenye Sanduku asimame tumpigie makofi. Watu wanapiga. Mjomba naye anapiga, na anatazama nani atasimama —