Alama Nyekundu kwenye Kitufe cha Sauti

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Fundi bomba anakuja saa tano. Kaa sebuleni uangalie mlango, usitegemee kengele.

~~Hicho kikuza sauti chako cha hedifoni nakiuza leo leo.~~ Nimekata. Zilikuwa hasira.

Ulipokuwa bafuni nilikaa mezani pako nimalizie kuandika kikao cha ofisi kilichorekodiwa. Nikachomeka kompyuta kwenye hicho kiboksi, nikavaa hedifoni. Mama wee! Kidogo kichwa kipasuke, na chai yangu yote ikamwagikia kitambaa cha meza (kimelowekwa, kisuuze). Nikasema huyu mzee amenitega. Kisha nikatazama kitufe cha sauti. Ile alama ya rangi ya kucha uliyoipaka mwenyewe siku ulipokinunua, ukatuonya tusiivuke tusije tukaharibu masikio, iko kwenye tatu. Wewe umezungusha mpaka tisa.

Nimechoka, baba. Mwaka mzima nasema neno moja mara tatu, nikidhani umetia pamba masikioni makusudi. Watoto nao wanalalamika kwamba siku hizi unawakatia simu. Kumbe!

Alhamisi saa nne tunakwenda kwa daktari wa masikio. Ruhusa kazini nimeshaomba. Ubishi wako uache nyumbani.

Nilikuaga mlangoni, umenipa mgongo unapiga pasi shati. Hukuitika. Leo sikununa. Nimerudi ndani, nimekuandikia.

Mama watoto