Kikombe Nilichokionja Kwanza

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimeiandika halafu nikakaa kidogo, kana kwamba utaitikia. Ulikuwa na marahaba ndefu, ile ya kuvuta mpaka mtu ametua mzigo, na mwaka mzima huu sijaizoea nyumba isiyo nayo.

Ninakuandikia nikiwa nyuma ya nyumba yetu hapa Kirushya, chini ya dirisha linalotazama migomba. Simu nimeiweka pale dirishani maana ndipo penye mtandao. Kampuni moja inayouza kahawa nje ya nchi ilinifanyia usaili Mwanza wiki iliyopita, wakasema watapiga kabla ya wiki hii kwisha. Leo ni Ijumaa. Tangu asubuhi chai haishuki, na kuku akisogelea dirisha namfukuza kama mwizi. Naogopa, Baba. Naogopa wasipige, na naogopa zaidi wakipiga.

Unakumbuka siku majina ya waliochaguliwa kwenda chuo yalipotoka? Nilikusomea: shahada ya biashara ya kimataifa. Ukauliza, "Huo ni ualimu wa nini?" Kwetu mtoto akienda chuo anarudi mwalimu, au nesi, au amevaa sare. Nikaeleza weee, nawe ukatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Jioni nikakusikia ukimtambia jirani yetu, Mzee Baranyikwa: "Binti yangu anakwenda kusomea kuuziana na watu wa nchi za nje." Mzee akashangaa. "Miaka mitatu yote? Si angevuka tu hapo Kabanga awauzie Warundi maharage? Kwani ile si nchi nyingine?" Mlicheka mpaka Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mimi nilinuna. Leo ningetoa chochote nikisikie kicheko kile.

Chuoni mhadhiri wetu alitufungulia dunia nzima: forodha, benki, kampuni za kusafirisha mizigo, bima, balozi, masoko ya nje. Nikawa nakupigia simu nikibadilisha kazi kila mara. Wiki hii mimi ni afisa forodha pale Rusumo, wiki ijayo nauza kahawa Ujapani. Wewe ulikuwa unasema tu, "Sawa mama, popote pale. Ila likizo uje."

Sasa nimemaliza, na zile kazi zote sijui zimejificha wapi. Jesca, niliyekaa naye chumba kimoja, anauza makava ya simu Kahama. Mimi nimetuma barua za maombi mpaka nimechoka kuandika neno "Yah" juu ya kila moja. Nikienda dukani watu wananiuliza, "Bado hujaanza kazi?" Wananiuliza kwa upole, na upole huo ndio unaoniuma. Mdogo wangu Editha, aliyekuwa akisema atasoma nilichosoma mimi, siku hizi anasema ualimu nao si mbaya. Hanitazami akisema hivyo.

Sasa nikuambie nilichofanya Mwanza, maana ndicho kinachonitoa jasho.

Unakumbuka yule mgeni aliyekuja kutoka Biharamulo nikiwa mdogo, ukaniagiza nikamletee kibuyu cha rubisi yetu ya ndizi? Nilimpa mkononi moja kwa moja. Ukakichukua taratibu, ukafyonza mrija wewe kwanza, ukaupangusa kwa kiganja, ndipo ukampa. Alipoondoka uliniita. "Pombe ya kwetu haimfikii mgeni hatujaionja sisi. Atajuaje kama hatukumwekea kitu?" Hukunigombeza, lakini tangu siku ile mkono wangu haujasahau.

Basi siku ya usaili tulikuwa watatu. Ofisini walikuwapo wanunuzi wawili kutoka ng'ambo, na meneja akataka aone kila mmoja wetu anavyopokea wageni. Zamu yangu ilipofika nikasalimia vizuri, Kiingereza kikanyooka, nikamimina kahawa. Halafu, Baba, nikanywa. Nilipiga funda moja kwenye kikombe cha mgeni, nikapangusa ukingo kwa kiganja, nikampa kwa mikono miwili huku nikitabasamu.

Yule mgeni, mzee wa Kizungu, akakitazama kikombe, akanitazama mimi. Meneja, mama mmoja mwenye miwani, akafumba macho. Hapo ndipo nilipoelewa. Nikaomba radhi, nikaleta kikombe kingine. Na somo la desturi za wafanyabiashara wa kigeni ndilo nililofaulu kuliko yote!

Nilipofika nyumbani nilimsimulia Mama huku nalia. Akaacha kumenya ndizi, akanikodolea macho. "Kwani wewe ulitaka umpe bila kuonja?" Nikacheka, kisha nikalia tena.

Baba, hapa niliacha kalamu. Wageni walifika.

Ni Baba Mdogo na watu wake kutoka Nemba, wamekuja kwa ajili ya misa yako ya kesho ya kutimiza mwaka. Mama akatoa kibuyu. Tukabaki tunatazamana, maana kuonja ilikuwa kazi yako, na tangu uondoke hatujampokea mgeni kwa rubisi. Baba Mdogo akasema, "Msinitazame mimi. Leo nimekuja kama mgeni." Mama akageuka, akaniwekea kibuyu mikononi. "Onja, mwanangu. Wewe ndiye mkubwa wa hapa."

Ndipo simu ikaanza kuita dirishani.

Editha alikimbia kuitazama. "Dada, ni wale watu wa kahawa!" Nimeisubiri simu hiyo wiki nzima. Lakini kibuyu kilikuwa mikononi mwangu, na Baba Mdogo alikuwa ameshanyoosha mikono yake. Nilifyonza mrija. Nikaupangusa kwa kiganja. Nikampa. Akanywa, akasema, "Ni ile ile ya kaka." Simu ilikuwa imekwisha kunyamaza.

Sasa wao wako barazani wanaongea, mimi nimerudi chini ya dirisha. Sijui kama walipiga kunichukua au kunipa pole. Nilikuwa nimeandaa uongo: wakiniuliza habari ya kikombe, niseme nilikuwa napima kama kahawa imepoa. Uongo huo nimeuacha. Wakiniuliza, nitawaambia nilifundishwa na baba yangu namna ya kumwonyesha mgeni kwamba yuko salama mikononi mwetu. Wasiponielewa, basi Jumatatu nitaanza tena kuandika "Yah", nikiwa na woga wangu huu huu.

Pumzika, Baba. Kesho padri atakapolitaja jina lako nitakuwa kwenye benchi la mbele, karibu na Mama. Simu ninayo mkononi sasa hivi, namba yao iko mbele yangu. Naandika mstari wa mwisho, halafu napiga.

Mwanao wa kwanza,
uliyezoea kumwita mama