Chai Iliyonuka Moshi

Mjukuu wangu Chebet,

Barua yako niliichukua posta. Huku kijijini Merigi tuko salama, ng'ombe amezaa. Unauliza nimewezaje kukaa na babu yako miaka hii yote. Mimi bado nina hasira naye.

Tukiwa vijana, alisimama kanisani akaomba waumini waniombee, eti nina hasira nyingi. Ningekuwa karibu naye ningemtupia kiti. Kisha akawaleta waumini hao nyumbani waje kuniombea. Nikakataa kuwapikia. Akina mama wakaketi nami kwenye nyasi, mmoja akamwambia babu yako, "Aliyetuita ndiye atakayepika."

Siku hizo, kwa desturi yetu, mwanaume hakuingia jikoni. Babu yako aliingia. Chai ilinuka moshi, wakaimaliza yote.

Maombi yao hayajaniondolea hasira. Lakini kila Jumapili tukitoka kanisani, chai huipika yeye.

Nyanya yako