Vidole Kumi Kwenye Hariri

3 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila furaha inaninyima usingizi! Simu zangu hupokei, basi naandika. Harusi ni Jumamosi, tarehe 21, na nitavaa gauni lako la hariri. Limenikaa utadhani nilipimwa mimi! Najua umeapa hutakanyaga harusi ya fundi wa kuchomelea vyuma. Njoo, mama. Bila wewe furaha yangu ni nusu.

Kitinda mimba wako

7 Juni

Kitinda mimba,

Marahaba. Magoti yapo, yanalalamika. Gauni vaa, ni lako. Kuja, siji. Mikono ya huyo bwana niliiona, migumu kama tupa. Ikigusa hariri, nyuzi zinachomoka. Asiliguse! Kama hariri inachomoka, ngozi ya mwanangu je?

Mama yako

11 Juni

Mama,

Shikamoo, za afya nitauliza baadaye. Balaa! Nilimsomea mchumba barua yako, akacheka, kumbe imemwingia. Jana nikiwa kazini, akapaka viganja mafuta ya kupikia vilainike, ndipo akalitoa gauni sandukuni alitundike lipate hewa. Vidole kumi vya mafuta, kiunoni kabisa! Amekaa kwenye ngazi, chakula hagusi. Tufanyeje?

Kitinda mimba wako

13 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka jirani kaja kuuliza kuna nini. Maji bado! Mwagieni madoa poda ya mtoto, ilale hapo mpaka asubuhi inywe mafuta, kisha mpanguse kwa brashi laini. Ndipo mfue kwa maji ya uvuguvugu na shampuu kidogo. Kubonyeza tu, hakuna kusugua wala kukamua. Lizungushieni taulo, mlianike kivulini. Na afue yeye. Aliyelikoroga alinywe.

Mama yako

16 Juni

Mama!

Shikamoo mara mia! Limetakata! Kafua mwenyewe, kashusha pumzi kila doa lilipofifia. Tulilianika chumbani, upepo ukagoma, akalipepea kwa sinia mchana kutwa. Jua likiingia dirishani, analihamishia gauni kivulini. Nilimwambia apumzike, akasema, "Hili ni la mama." Sasa lina mikunjo tu. Tupige pasi?

Kitinda mimba wako

18 Juni

Wanangu,

Marahaba. Msithubutu kuwasha pasi! Hiyo nitapiga mimi. Marehemu mume wangu nilimpenda, lakini hakuwahi kunipepea hata mimi mwenyewe, seuze gauni. Basi langu linafika Ijumaa asubuhi. Aje fundi mwenyewe stendi kunipokea, mizigo ni mingi.

Mama yenu